Ujana wa Wendani, Uzee wa Ujerumani na Gesi ya Qatar

Kwenye nguzo za stima za Kahawa Wendani, katikati ya tangazo la bedsita iliyo wazi na lile la fundi wa dishi, utakuta makaratasi ya aina mbili yanayogombea macho ya kijana. Moja linamwita akajifunze Kijerumani kuanzia ngazi ya A1 hadi B2 ili aende kuuguza wazee Ujerumani. La pili linatafuta walinzi, wahudumu wa hoteli na wasafishaji wa kupeleka Qatar, na halisahau kutaja kwamba malazi na chakula ni juu ya mwajiri.

Wanaoyabandika wanajua walipo. Wendani iko kando ya barabara kuu ya Thika, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta na hospitali yake ya rufaa, ndani ya Ruiru, eneo ambalo sensa ya 2019 ilihesabu watu 371,111. Ni mtaa wa maghorofa yaliyobanana, wa vyumba vya wanafunzi, na wa wahitimu waliomaliza chuo wakabaki pale pale kwa sababu kodi bado inalipika na marafiki bado wapo. Shahada na diploma zimo kwenye bahasha za kaki chini ya godoro. Wauguzi wamo, wahasibu wamo, walimu wamo. Kwa mujibu wa sensa hiyo hiyo, robo tatu ya Wakenya hawajafika umri wa miaka 35.

Swali wanaloulizana ni nchi gani kati ya hizo mbili iliyo na pesa. Ni swali la haki kabisa. Lakini likijibiwa kwa takwimu moja tu linaweza kumgharimu mtu miaka ya maisha yake, ndiyo maana nataka tulitazame kwa utulivu.

Ujerumani ni uchumi wa tatu kwa ukubwa duniani, baada ya Marekani na China. Pato lake la mwaka 2023 lilikaribia dola trilioni 4.5. Pato la Qatar mwaka huo lilikuwa kama dola bilioni 213, yaani Ujerumani inaizidi zaidi ya mara 20. Sasa gawanya kila pato kwa idadi ya watu, mambo yanageuka. Ujerumani ina watu milioni 83 na ushei, na fungu la kila mmoja linafika kama dola 54,000. Qatar ina watu takriban milioni 3, na fungu la kila mmoja linapita dola 70,000. Kenya yetu iko kwenye dola 2,000 hivi. Kwa kipimo hicho Qatar ndiyo tajiri zaidi, na wakala anayekushawishi hatakosa kukwambia hivyo.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inamgawia kila mtu aliyemo nchini bila kuuliza kama mgawo unamfikia. Mlinzi kutoka Wendani akishatua Doha, naye anahesabiwa. Kwenye karatasi ana dola zake 70,000. Mkononi ana kima cha chini cha mshahara, ambacho tangu Machi 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na riyali 500 za malazi na 300 za chakula ikiwa mwajiri hampi vitu hivyo. Riyali imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.64, kwa hiyo riyali 1,000 ni kama dola 275, au shilingi 35,000. Kwa mwaka mzima ni dola 3,300. Fungu lililobaki lina wenyewe.

Simlaumu anayekwenda. Shilingi 35,000 ambazo hazikatwi kodi ya mapato, wala hazipungui kwa kodi ya nyumba, zinazishinda ajira nyingi zinazopatikana kati ya Githurai na Juja. Kuna nyumba za mawe zilizojengwa Murang'a na Vihiga kwa riyali, na kuna wadogo waliosomeshwa hadi chuo. Ninachosema ni kwamba kijana anayevutwa na utajiri wa Qatar anapaswa kujua kwamba mshahara wake haukupangwa kwa kutazama utajiri huo. Umepangwa kwa kutazama umaskini wa kwao.

Ujerumani nayo ilikuwa na kima cha chini cha euro 12.82 kwa saa mwaka 2025, na uamuzi ukapitishwa kukipandisha hadi euro 13.90 kuanzia Januari 2026. Kwa wiki ya saa 40, kiwango cha 2025 kinafika kama euro 2,220 kwa mwezi. Makato yakishatoka, mtu asiye na familia anabaki na kama euro 1,600, ambazo ni karibu shilingi 240,000. Hapo asikimbilie kuhesabu ploti ya Ruiru. Katika jiji kama Munich, chumba kimoja kinaweza kumeza karibu nusu ya fedha hizo, na chakula, nauli na joto la nyumba wakati wa baridi vinangoja zamu yao. Hata hivyo pengo ni kubwa, na chanzo chake ni jinsi idadi ya watu ya nchi hizi mbili ilivyopangika.

Wataalamu huchora watu wa nchi kwa umri: watoto chini, wazee juu, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili. Mchoro wa Ujerumani una umbo la mtungi. Chini ni mwembamba, tumbo limejaa pale penye watu wa miaka 55 hadi 65, kisha inafuata shingo ndefu ya wazee wa miaka 80 na 90. Tumbo lile ni kizazi kilichozaliwa wingi wingi baada ya vita, hasa kati ya katikati ya miaka ya 1950 na mwisho wa miaka ya 1960, na sasa kinastaafu mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2023 Ujerumani ilipata watoto 693,000 na kuzika watu milioni 1.03. Tangu 1972 hakuna mwaka hata mmoja ambao waliozaliwa waliwazidi waliokufa. Mwanamke mmoja huko anapata wastani wa watoto 1.35. Taasisi ya utafiti wa ajira ya nchi hiyo, IAB, imekadiria kwamba ili nguvukazi isipungue, wahamiaji wanaoingia lazima wawazidi wanaotoka kwa kama watu 400,000 kila mwaka.

Mchoro wa Qatar haufanani na wowote mwingine. Upande wa wanawake ni mwembamba. Upande wa wanaume umefura pale penye umri wa miaka 25 hadi 45, halafu unakatika ghafla. Katika kila watu kumi, zaidi ya saba ni wanaume. Waliovuka miaka 65 hawafiki wawili katika kila mia. Mwaka 1990 nchi nzima haikuwa na watu nusu milioni. Ongezeko lililofuata kwa sehemu kubwa halikutokana na kuzaa. Limeletwa na ndege kutoka Kathmandu, Dhaka, Manila na Nairobi. Raia wenyewe ni kama mmoja katika kila watu kumi.

Mchoro huo unaeleza mengi kuliko pato la kila mtu. Kijana anaingia na mkataba, mkataba ukiisha anarudi kwao, na mwingine wa umri ule ule aliokuja nao wa kwanza anakilalia kitanda chake. Kwa njia hiyo Qatar inabaki kijana kila mwaka. Uzee wa waliojenga viwanja vya Kombe la Dunia la 2022 umehamia Nepal, Bangladesh na vijiji vyetu, pamoja na migongo inayouma na figo zilizochoshwa na joto. Anayeondoka analipwa kiinua mgongo ambacho sheria ya kazi ya Qatar inasema kisipungue mshahara wa wiki tatu kwa kila mwaka aliotumika. Pensheni haipo. Uraia unaweza kuombwa na mtu aliyekaa mfululizo miaka 25, na hata huyo haupati kwa urahisi. Ujerumani, kwa sheria iliyoanza kutumika Juni 27, 2024, inamruhusu aliyekaa miaka mitano kuomba uraia huku akibaki na pasipoti ya kwao.

Tofauti hii haikuja kwa sababu Wajerumani wana roho nzuri kuliko Waarabu. Imekuja kwa sababu nchi hizi mbili zimeweka akiba ya uzee wao mahali tofauti.

Qatar iligundua uwanja mkubwa wa gesi baharini mwaka 1971, na kufikia mwisho wa mwaka 1996 meli yake ya kwanza ya gesi iliyogeuzwa kimiminika ikawa njiani kwenda Japani. Gesi ikazaa fedha, na mwaka 2005 ikaundwa mamlaka ya uwekezaji ya kuzihifadhi kwa ajili ya vizazi vya raia. Mamlaka hiyo leo inanunua dunia. Ina asilimia 17 ya kura katika kampuni ya Volkswagen, na hisa katika kampuni ya umeme ya Ujerumani. Novemba 2022, baada ya Urusi kukata gesi, ulitiwa saini mkataba wa angalau miaka 15 wa kupeleka Ujerumani hadi tani milioni 2 za gesi ya Qatar kwa mwaka kuanzia 2026. Mzee wa Kiqatari hatahitaji mtoto wa mtu kumlipia pensheni, maana visima na hisa vinamtosha.

Ujerumani haina kisima cha namna hiyo. Ina viwanda na ufundi. Mfano wake unaanzia hapa hapa Ruiru, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, iliyotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985. Ujerumani haina shamba hata moja la kahawa, lakini inanunua buni mbichi kutoka kwetu na kwingineko, inaikaanga, na ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa iliyokaangwa duniani. Sisi tuna mashamba yanayong'olewa kupisha majumba. Ndivyo uchumi wao unavyokwenda: kitu kinaingia mikononi mwa watu wenye ujuzi, kinatoka kikiwa na bei nyingine. Uchumi wa aina hiyo hauwezi kuwekwa benki ukajiendesha. Unataka mikono kila asubuhi, na mikono yenyewe inazeeka. Mwaka 2023 na 2024 uchumi huo ulisinyaa kidogo, lakini wazee waliendelea kuongezeka.

Ukitaka kuiona hali hiyo kwa macho, chukua hati ya mshahara ya mfanyakazi wa Ujerumani uisome mstari kwa mstari. Juu kuna mshahara ghafi. Chini yake, kodi. Kisha asilimia 9.3 ya bima ya pensheni, na mwajiri analipa asilimia 9.3 nyingine. Halafu bima ya afya, asilimia 1.3 ya bima ya kukosa kazi, na mwishowe bima ya matunzo ya uzeeni. Katika mstari huo wa mwisho kuna jambo ambalo Mkenya akilisoma mara ya kwanza anarudia: aliyefikisha miaka 23 bila mtoto anakatwa asilimia 0.6 zaidi. Serikali inamwambia kwamba kama hukutuletea mlipaji wa kesho, basi lipa zaidi leo.

Na fedha ile ya pensheni haikai ikimngoja mwenyewe. Inayokatwa mwezi huu inalipwa mwezi huu huu kwa bibi aliyestaafu Stuttgart au Dresden. Muuguzi kutoka Wendani anamwogesha mzee asubuhi kwa mikono yake, na mwisho wa mwezi anasaidia kumlipia pensheni kwa mshahara wake. Ndiyo sababu Ujerumani inamtaka akae, azae huko, ajue lugha. Qatar inamkopa kwa miaka yake mizuri, Ujerumani inataka miaka yote.

Kwa kijana mwenyewe kuna hesabu nyingine inayotangulia hizi zote, nayo ni ya muda. Kufika B2 ya Kijerumani kunachukua mwaka mzima na zaidi kwa mtu anayesoma kwa bidii, na kuna karo, vitabu, nauli ya matatu hadi tao, na ada za mtihani. Mwanafunzi wa chuo kikuu anatakiwa kuonyesha euro 11,904 kwenye akaunti maalumu ili apate viza, kiwango kilichowekwa Septemba 2024, kama shilingi milioni 1.8. Njia ya Ausbildung, mafunzo ya kazi yanayolipwa tangu mwezi wa kwanza, imewafungulia mlango wasio na kiasi hicho, lakini nayo haiwezekani bila lugha. Qatar inamchukua mtu baada ya wiki au miezi michache, akiwa na pasipoti na vipimo vya afya. Asiye na mtu wa kumlisha mwaka mzima akikariri vitenzi ataenda Qatar. Kwa hiyo hata kabla ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, watoto wa mtaa mmoja wameshagawanyika kwa uwezo wa wazazi wao.

Qatar imebadilika, na haki isemwe. Mwaka 2020 ilifuta sharti la mfanyakazi kuomba ruhusa ya mwajiri kabla ya kuhamia kazi nyingine. Lakini kisa cha Malcolm Bidali kinaonyesha mpaka ulipo. Alikuwa mlinzi kutoka Kenya aliyeandika mtandaoni, kwa jina la kalamu la Noah, kuhusu maisha ya walinzi wenzake: vyumba vilivyojaa, saa zisizoisha. Mei 2021 alikamatwa Doha. Alizuiliwa wiki kadhaa, akatozwa faini ya riyali 25,000, na Agosti akaondoka nchini humo. Riyali 25,000 ni mshahara wa kima cha chini wa miaka miwili na mwezi mmoja.

Ujerumani nayo isijioshe mikono. Mwaka 1979 Ujerumani Mashariki iliafikiana na Msumbiji, na vijana takriban 20,000 wakapelekwa kwenye viwanda vyake. Sehemu ya mishahara yao ilikatwa kwa ahadi kwamba wataikuta nyumbani. Ukuta wa Berlin ulipoanguka walirudishwa, na fedha wengi wao hawakuziona. Wazee hao, wanaojulikana Maputo kama Madgermanes, wameandamana kwa miongo mitatu wakidai haki yao. Upande wa Magharibi nao uliajiri Waitaliano kuanzia 1955 na Waturuki kuanzia 1961 kwa dhana kwamba watarudi kwao, na Novemba 1973 mlango ukafungwa. Leo mlango umefunguliwa tena, lakini si Wajerumani wote wanaoupenda ukiwa wazi: chama cha AfD, kinachopinga wahamiaji, kilipata asilimia 20.8 ya kura katika uchaguzi wa Februari 2025. Anayekwenda kuuguza huko ajue kwamba hesabu za idadi ya watu zinamwita, na sanduku la kura linaweza kumgeuka.

Septemba 13, 2024, mjini Berlin, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz walishuhudia makubaliano ya uhamiaji na ajira kati ya Kenya na Ujerumani. Habari zikaenea kwamba nafasi 250,000 zimepatikana. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikakana upesi: makubaliano hayana idadi yoyote. Nilihuzunishwa na jinsi tulivyoipokea habari hiyo, kama watu waliopewa msaada. Tulizungumzia nafasi ngapi tutapewa, wala hatukuzungumzia sisi tunatoa nini.

Tunatoa kitu kikubwa. Muuguzi wa miaka 24 amelelewa, amechanjwa, amelishwa na kusomeshwa kwa fedha za mama mboga na za mlipa kodi wa Kenya. Ujerumani inampokea akiwa tayari kulipa bima ya pensheni kwa miaka 40. Fedha zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nje zilifika dola bilioni 4.95 mwaka 2024, zaidi ya tunachopata kwa chai, na tunazishangilia kila mwezi Benki Kuu inapotoa takwimu. Ni haki tuzishangilie. Lakini sisi nasi hatutakuwa vijana milele. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alipata wastani wa watoto 8. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta wastani umeshuka hadi 3.4. Mchoro wetu umeanza kujikaza chini. Muuguzi wa leo atakapofika miaka 70, Kenya itakuwa na wazee wengi kuliko ilivyowahi kuwa nao, na wengi hawatakuwa na pensheni.

Kwa hiyo kuna mambo ya kudai sasa, wakati bado tunahitajiwa. Kwa Qatar, ni ukaguzi wa kweli wa mikataba kabla ya ndege kuruka, na ofisa wa kazi anayepokea simu Doha. Kijana naye aangalie kama wakala wake yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira kabla ya kutuma hata shilingi moja kwa M-Pesa.

Kwa Ujerumani, dai ni pensheni. Mkenya akifanya kazi huko kisha akarudi nyumbani kwa kudumu, anaweza kuomba arudishiwe makato yake baada ya kungoja miezi 24. Anachorudishiwa ni zile asilimia 9.3 alizokatwa yeye. Asilimia 9.3 za mwajiri, zilizolipwa kwa jasho lile lile, zinabaki Ujerumani. Uturuki ilitia saini mkataba wa hifadhi ya jamii na Ujerumani tangu 1964, ili miaka ya kazi ya raia wake ihesabike huku na huko. Moroko, Tunisia, Ufilipino na India nazo zina mikataba yao. Kenya haimo kwenye orodha hiyo. Waziri atakayesafiri tena kwenda Berlin aanzie hapo.